Bi Kidole na Daktari wa Mama Yake

Jina la Bi Kidole alibandikwa na wauguzi, na hawakumbandika kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukagua zahanati, na kila alikoingia alipitisha kidole juu ya rafu na chini ya kitanda cha wagonjwa, akakitazama, ndipo akasalimia watu. Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi zamani. Hakuwa na dogo. Wenye zahanati walimchekea usoni. Akigeuka tu, wakamsonya.

Alipopangiwa kumkagua daktari wa mtaani kwao, aliomba aende mwenzake. Mkubwa wake akamkata kauli: "Unaogopa nini? Nenda."

Daktari huyo mzee ndiye aliyekuwa akimtibu mama yake presha miaka nenda miaka rudi. Mtaa mzima ulimpenda. Alijua nani kaoa, nani kaachwa, mtoto wa nani kafeli. Chumba cha kungojea kilijaa soga na vicheko, utadhani watu wamekuja harusini.

Ndani mambo yalikuwa mengine. Mikasi ya kushonea vidonda ililala kwenye sinki pamoja na vikombe vya chai. Kipimajoto kilitoka kinywani mwa mtu, kikapanguswa kwenye koti, kikaingia kinywani mwa mwingine. Kabatini, dawa nyingi zilikuwa zimekwisha muda wake.

"Daktari, hizi unawapa watu?"

"Binti yangu," mzee akajibu kwa upole, "dawa haisomi kalenda. Mama hajambo?"

Bi Kidole akaifunga zahanati siku ileile, kufuli akalitia kwa mkono wake.

Habari ilimtangulia nyumbani kwa mama yake. Alimkuta mama yake amelala kawapa watu wote kisogo.

"Umemfungia daktari wangu."

"Mama, angekuua yule."

"Yeye huniuliza nimelalaje. Wewe ukija huniuliza nimemeza nini, kama polisi."

Bi Kidole akamburuta hadi hospitali kubwa, safi, ya kuta nyeupe. Walikaa foleni mpaka mama akavimba miguu. Daktari wa huko alikuwa kijana. Alimpima sawasawa, akamwandikia dawa sahihi, wala hakuinua uso kumtazama. Bi Kidole hakuona kosa lolote pale. Mama yake, njiani kurudi, alisema neno moja tu: "Sirudi."

Haukupita muda mrefu, mama akaanguka jikoni. Kaka yake Bi Kidole, aliyekuwa akiishi na mama, alimbeba mgongoni akakimbia naye kule alikozoea, kwa daktari mzee. Akagonga, akapiga mateke, akaita. Alipokumbuka kuwa imefungwa, akatafuta gari la kwenda hospitali kubwa. Mama alikata roho kabla hawajafika.

Kwenye mazishi, daktari mzee alisimama karibu na kaburi akilia kama mtoto, na watu wakapanga mstari kumpa pole. Bi Kidole alisimama upande wa pili. Waliopita mbele yake walitazama viatu vyao.

Walipokuwa wakitoa vitu vya marehemu, alivikuta vidonge vya hospitali chini ya godoro, havijaguswa hata kimoja. Kando yake kulikuwa na chupa ya daktari mzee, tupu, muda wake umekwisha zamani. Akampelekea kaka yake chupa hiyo.

"Ona! Ona alichokuwa akimlisha. Huyu ndiye aliyemuua mama."

Kaka aliigeuza chupa, akaisoma taratibu, akamrudishia.

"Inawezekana," akasema. "Lakini kufuli nililolikuta mlangoni lilikuwa lako."

Tangu hapo hawakusemezana.

Watu wa mtaa walipiga kelele mpaka wakubwa wakachoka nazo. Ukuta ulipakwa rangi, akatumwa mkaguzi mwingine asiye na maneno mengi, zahanati ikafunguliwa. Bi Kidole alikuwa akipita barabarani siku hiyo, akamwona wifi yake kwenye benchi, mjamzito, karibu kujifungua, mumewe pembeni. Akaingia.

"Wifi, nakuomba, inuka. Nitakupeleka kwingine. Hapa wasikuguse."

Wifi akaanza kuinuka. Mumewe akamshika bega, akamkalisha. Kisha akamtazama dada yake, aliyenyonya naye ziwa moja, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Samahani, mama," akamwuliza kwa adabu kubwa. "Unamtafuta nani hapa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Wifi naye, baada ya kumtupia mumewe jicho, akacheka. Mlango wa ndani ukafunguka, mzee akachungulia akitabasamu, akauliza ni nani anayefuata.

"Ni sisi, daktari," akasema kaka, akampa mkewe mkono.