Fisi Aliyeachwa Mlangoni

Nilipokuwa mtoto kule Mbulumbulu, hadithi ilifungwa kama zizi. Ukiianza, uimalize, wanyama wote warudi porini kwao. Ukiikata katikati, aliyemo atabaki nje ya nyumba yako. Bibi yangu aliliamini hilo kuliko alivyoamini redio. Leo mimi ni mtu wa kuchekesha watu jukwaani, nina tumbo la kutosha na sauti ya kugawa, lakini habari ya fisi wa bibi bado inanikera, na sioni haya kusema.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni, maharage yanachemka. Sungura alikuwa ameiba asali ya fisi, kisha akamdanganya kwamba imefichwa na binti mmoja aliyebaki nyumbani peke yake. Fisi akajitanda shuka, akalainisha sauti, akabisha hodi. Binti akauliza, "Nani?" Mimi nilikuwa nimeung'ang'ania mkono wa dada yangu mpaka akanifinya.

Hapo akaingia Mjomba Karoli. Alikuwa mjumbe wa baraza la kata, na tangu apewe cheo hicho, hata kuku wakipigana alitaka kusikiliza pande zote mbili.

"Mama," akasema, "huyu sungura ameiba, amesema uongo, sasa anamponza binti wa watu. Na watoto wanacheka tu. Kesho watafanya nini?"

"Kesho wataenda shule."

"Wizi ni wizi, Mama. Hata kwenye hadithi."

"Kwani sungura alibatizwa na nani, Karoli?"

Tukacheka. Mjomba hakucheka. Akasema hadithi imeishia hapo, tule tukalale. Bibi akakoroga maharage yake, kisha akasema taratibu, "Haya. Ila fisi umemwacha mlangoni wewe, si mimi."

Asubuhi kondoo mmoja wa bibi hakuwepo. Damu kidogo, na nyayo zilizoingia kwenye ngano. Najua, fisi anayeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro hahitaji kualikwa na hadithi. Mjomba naye alijua. Lakini jioni alikuja na kilo ya sukari.

"Mama, imalizie tu."

"Malizia wewe. Si ndiwe mwenye sheria?"

Akamalizia akiwa amesimama, kofia mkononi. Fisi alikamatwa, sungura alikamatwa, baraza likakaa. Sungura, kifungo miezi sita. Fisi, kwa kumsumbua binti, faini ya mbuzi mmoja. Tulisikiliza kama watu wanaosikiliza matangazo kanisani.

Nikauliza, "Na binti alifungua mlango?"

"Binti hakufika barazani," akasema mjomba, akavaa kofia.

Usiku huo fisi alichukua mbuzi, safari hii zizini kwa mjomba mwenyewe. Bibi alikwenda asubuhi kumpa pole.

"Ulimtoza mbuzi," akamwambia. "Ulidhani atamtoa wapi?"

Mimi kilichoniuma si mbuzi. Nilitaka kujua kama binti alifungua. Nilimbembeleza bibi kwa kuni, kwa maji, mwisho kwa machozi. Akakataa: hadithi iliyofungwa na mwingine haifunguliwi. Hata alipokuwa mgonjwa, nami mtu mzima mwenye ndevu, nilikaa kando ya kitanda chake nikamwomba tena. Akatabasamu. "Muulize mjomba wako." Tukamzika na jibu lake.

Juzi hapa, baada ya onyesho langu Karatu mjini, mzazi mmoja mwenye duka aliniuliza kwa upole mbona mwizi wangu wa jukwaani haendi jela, na watoto watajifunza nini. Nikamwona mjomba amesimama tena, kofia mkononi.

Bibi hakusema kamwe kwamba hadithi haina sheria. Aliomba tu aachwe afike mwisho. Huenda sungura angelipa, tena malipo ambayo baraza lisingeyaota. Huenda asingelipa, tukalala na hasira, na hasira ile ingetufundisha kitu kuhusu wezi. Mjomba aliogopa tusijifunze wizi, akaishia kutufundisha kumwacha mtu matatani mradi kesi imekwisha.

Sungura alishamaliza kifungo chake. Fisi faini amelipa. Yule binti bado yumo ndani peke yake, ameuliza nani yuko nje, na hakuna aliyemjibu.