Sinia la Kioo Juu ya Uchanja

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, na kitu nilichokijua vizuri kuliko somo lolote kilikuwa kuni. Kipindupindu kilikuwa kimepita kwenye vijiji vyetu vya ziwani masika yaliyotangulia, na serikali ya kijiji ikaamuru kila nyumba ichemshe maji ya kunywa. Amri nzuri, sibishi. Ila wa kwenda mlimani nilikuwa mimi. Mama alishinda mchangani akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, na bibi, mama yake baba, miguu ilikuwa imeshamkatalia.

Zamani kuni zilikuwa karibu. Tangu biashara iachiwe kila mtu, malori ya wanunuzi yalikuwa yanateremka kutoka Mbinga kufuata samaki, na samaki wa safari ndefu lazima akaushwe kwa moshi. Miti ya karibu ikaishia kwenye moshi huo. Nikitoka shule navua sare, nachukua panga na kamba ya mzigo kwenye msumari wangu nyuma ya mlango, napanda. Nikirudi giza limeingia. Nafungua kitabu, herufi zinaogelea. Mwalimu wa Kemia aliniuliza mbele ya darasa kwa nini nasinzia. Nikaangalia viatu vyangu. Mimi kusema mbele za watu siwezi, hata jina langu.

Kisha akaja dada mmoja kutoka chuo, akijifunza mambo ya maji. Sisi tulimwita dada wa maji. Alileta sinia pana la kioo lenye fremu ya mbao, na ndani yake kioo kilikuwa kimegandwa na ukungu mweupe, kama mtu amemwaga uji mwepesi akasahau kuufuta. Aliichagua nyumba yetu kwa kuwa ua wetu hauna kivuli hata kidogo.

"Shikamoo bibi," alisema, akapiga goti.

"Marahaba mwanangu. Hilo sinia mbona halijaoshwa?"

Dada wa maji akacheka, akaeleza. Ule weupe ni unga, jamaa ya ule unaotiwa kwenye rangi za ukutani, nao umechomwa kwenye kioo ili ushike. Ukimwagia maji kidogo, yawe membamba, ukayaweka juani, mwanga unauamsha unga, nao unaua vijidudu na kuvunjavunja uchafu. Alisema huko juu Umatengoni aliujaribu kwenye maji yaliyooshea kahawa, yale ya rangi ya kutu yanayoingia mitoni, na rangi ikafifia.

"Jua hili hili linalonichoma mimi?" bibi akauliza. "Miaka yote hii limenipiga, mbona vijidudu vyangu vya magoti havijafa?"

"Ungepakwa unga kwanza, bibi."

Hata mama alicheka, na mama siku hizo hakuwa mtu wa kucheka.

Alitupa masharti machache. Sinia lisifunikwe. Maji yamwagwe asubuhi, yachotwe alasiri. "Na tafadhali mama, msilioshe kwa sabuni. Sabuni hapana kabisa." Mama akaitikia kila neno. Kupima kwake kulikuwa rahisi: kichupa chenye dawa, unatia maji, unaacha mpaka kesho yake. Yakigeuka meusi, maji ni machafu. Ya ziwani yaligeuka meusi kama wino. Ya kwenye sinia yalibaki vilevile. Alirudia mara kadhaa, yakabaki vilevile.

Ndipo akasema neno ambalo mimi nililisikia kwa mwili mzima. Angekuja kupima tena Jumatatu, kwa mara ya mwisho. Maji yakiwa salama, angeandika kwamba nyumba yetu inaweza kuacha kuchemsha, na masinia mengine yangeletwa yatoshe maji ya siku nzima. Kuacha kuchemsha! Usiku nilihesabu kichwani masomo nitakayoyasoma jioni. Nililala kabla sijafika Jiografia.

Jumamosi kwetu ni siku ya vyombo. Kila mwanamke anabeba masufuria na masinia yake mpaka ziwani, anayasugua kwa mchanga na majivu hadi yang'ae, kisha anayapanga juu ya uchanja, ile meza ya fito uani. Watu wakipita kwenda kanisani Jumapili wanaangalia uchanja kwanza, salamu baadaye. Uchanja wenye chombo cheusi unasemwa wiki nzima.

Jumamosi hiyo nilikwenda mlimani mapema. Niliporudi na mzigo kichwani, niliona kitu uani kinawaka kama kipande cha ziwa. Nikadhani macho yangu yamechoka. Lilikuwa sinia, limesimamishwa juu ya uchanja, kioo kitupu, unaona ukuta wa nyumba upande wa pili.

"Umeliona?" mama aliniambia, mikono ingali na mchanga. "Mgeni anakuja keshokutwa, akute chombo chake kimekaa kama cha watu. Nimesugua mpaka bega linauma. Na sabuni sikutia hata tone."

Nilishusha mzigo, nikakaa juu yake. Bibi alinitazama, akatazama sinia, akasema polepole, "Mke wa mwanangu, ule uji umekwenda wapi?"

Mama akatazama mchanga mikononi mwake.

Jumatatu kulikuwa na mawingu. Dada wa maji alisimama mbele ya uchanja. Alipitisha kidole kwenye kioo, akakitazama kidole. "Mlisugua kwa kitu gani?"

"Mchanga tu," mama akasema, kwa sauti ndogo kama yangu. "Ulikataza sabuni."

"Nilikataza sabuni," dada akasema. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipima hivyohivyo. Kesho yake kichupa kilikuwa cheusi. Unga mwingine hakuwa nao. Chuoni kwenyewe ulikuwa umekwisha, na huo wa kwetu ulikuwa umebaki ufukweni, kwenye mchanga wa vyombo. Alimshika mama mkono, akasema kosa ni lake, hakufikiria Jumamosi. Sinia akatuachia, kisha akaenda zake Mbinga. Amri ya kuchemsha ikabaki palepale.

Siku ya pili yake nilitoka shule, nikavua sare, nikapeleka mkono nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu. Panga halikuwepo.

"Mama kaenda mlimani," bibi alisema kutoka jikoni. "Usipa wa leo nauangalia mimi. Wewe amesema usome."

"Amesema nini kingine?"

"Hakuna kingine. Unamjua mama yako."

Nilitoka uani na kitabu cha Kemia, nikakaa karibu na lile sinia, ambalo sasa bibi alikuwa ameanikia usipa. Jua lilikuwa limerudi, kali kweli, linapita kwenye kioo bila kazi. Nilisoma ukurasa mmoja. Wa pili nilianza. Nilipoamka mama alikuwa anashusha mzigo, mdogo kuliko ninaoleta mimi, na kitabu kilikuwa kimefunikwa vizuri kando yangu, na usipa mmoja katikati kushika ukurasa.