Ratiba ya Siku Nne Nevada

Nilimwahidi Festo, siku alipoihama Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwamba kabla ya mwaka kwisha nitamfuata Nevada nione anavyoishi. Alikuwa ameacha chuo akiwa mwaka wa tatu, anakwenda kujifunza kazi ya kugawa karata katika nyumba ya kamari. Mimi nilikuwa katibu wa umoja wetu wa wanafunzi Wakristo kutoka Afrika Mashariki, na miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimesoma mbele ya wenzetu, Festo akiwamo, mada ndefu juu ya ubaya wa kamari. Hakubisha. Aliuliza tu kama chai imekwisha.

Ahadi yangu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na nia ndani yake ambayo sikumtajia. Nilikusudia kwenda kumrudisha.

Saint Louis Park, kando ya Minneapolis, mwezi wa pili. Theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye kizingiti cha dirisha langu la chini, na tangu Festo aondoke katika chumba tulichokaa wawili, kitanda chake kilibaki godoro tupu. Nilikitumia kutandazia ramani. Kila jioni nilirudi kutoka darasani, nikapasha wali wa jana, nikakaa sakafuni kati ya vitanda viwili kusoma vitabu vya wasafiri nilivyoazima maktaba. Nilijifunza habari za bonde la mawe mekundu, za ziwa lililotuama jangwani nyuma ya bwawa la zege, na za mimea yenye miiba inayochanua baada ya mvua moja. Zilipita siku tatu, pengine nne, bila mimi kusema neno la Kiswahili na mtu, na nakiri kwamba kupanga safari ndiko kulikokuwa mazungumzo yangu.

Nilimpigia Festo mara nyingi. Ilijibu mashine ya kupokea ujumbe. Niliieleza mashine tarehe zangu, nikaieleza ratiba, na kwa kuwa haikupinga nilihesabu kwamba tumekubaliana.

Ratiba yenyewe niliipiga chapa kwenye kompyuta ya chuo. Ilikuwa ya siku nne, kila saa na mahali pake, kuanzia saa tatu asubuhi hadi machweo, na kila mstari ulianza kwa maneno "Mimi na Festo". Wakala wa usafiri alinishauri nichukue chumba cha hoteli, kwa kuwa huko bei ni nafuu kuliko kwingine kote. Nilipomuuliza njia ya kufika chumbani, alinieleza kwamba katika hoteli hizo mgeni hupita kwanza katikati ya mashine za kamari. Nikamwambia nitalala sakafuni kwa rafiki yangu.

Oakdale, mji wa jirani, Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Kila mwisho wa wiki nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, pamoja na mama mmoja wa Kikenya tuliyemwita Mama Wanjiru. Tulikuwa tukikunja shuka nilipomwonyesha karatasi yangu. Aliisoma yote, juu hadi chini.

"Sasa kijana, hii ni likizo ama ni timetable ya shule?"

"Ni mpango, Mama. Asiyepanga hupoteza siku."

"Naona. Na kwenda choo umeweka saa ngapi?" Akacheka mpaka akaketi juu ya shuka. Kisha akatoa katika mkoba wake pakiti ya majani ya chai kutoka Kericho. "Mpelekee huyo kijana. Usiende kwa mtu mikono mitupu, hata kama ume-book kila kitu."

Uwanja wa ndege, Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Ndege ilijaa wastaafu waliovaa mashati ya maua juu ya nguo za baridi. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa mji wa Anoka, huko huko Minnesota, ambaye huenda Nevada kila mwaka na dada yake.

"Unakwenda kucheza?" akaniuliza.

"Hapana. Kumwona rafiki."

"Anafanya nini kule?"

"Anafanya kazi," nikasema, nikageukia dirisha.

Yeye hakuona kwamba nimefunga mlango wa mazungumzo. Akaendelea kunisimulia kwamba mwaka uliopita mgawaji karata mmoja, kijana mpole, alikuwa akimuuliza hali ya goti lake kila siku, na kwamba wanawe mwenyewe hawamuulizi. Chini yetu weupe ulikwisha, ukaanza udongo wa rangi ya mkate uliookwa.

Las Vegas, saa tano asubuhi. Festo alinisubiri mlangoni kwake, macho mekundu, kizibao cheusi kikining'inia begani. Alikuwa hajalala tangu atoke kazini.

"Karibu jangwani, Katibu. Umekonda. Minnesota haikulishi?"

Alikaa katika chumba kimoja, na dirisha lake alilibandika karatasi ng'aavu za kufungia nyama ili mwanga usiingie. Tulipika chai ya Mama Wanjiru tukainywa taa ikiwa imewashwa, mchana kweupe. Alipoinuka kuosha vikombe, alinyoosha mikono juu ya meza, akaonyesha viganja, akavigeuza, akavirudisha.

"Unafanya nini?" nikauliza.

Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mazoea. Ukiondoka mezani lazima uonyeshe hujachukua kitu. Kuna kamera juu."

"Hata nyumbani kwako?"

"Inafanya yenyewe, Katibu. Tena suruali ya kazi haina mifuko. Leso naiweka kwenye soksi."

Alicheka. Mimi niliyachukua maneno hayo nikayaweka akilini kuwa hoja, kwa ajili ya hotuba niliyokuwa nimemwandalia. Kisha nikampa ratiba. Aliisoma akiwa amesimama.

"Jumapili saa tatu asubuhi, mimi na wewe, mawe mekundu. Saa tatu mimi ni maiti, ndugu yangu. Nalala alfajiri, naamka saa nane mchana, saa kumi nimeshavaa."

"Huwezi kuomba ruhusa?"

"Mgeni kazini haombi ruhusa." Aliikunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Wewe nenda ukaone. Ila Jumatatu saa moja na nusu jioni nina mapumziko ya kula. Njoo pale kazini. Nimewaambia wenzangu ndugu yangu msomi anakuja, wamenichosha kwa maswali. Kuna mama mmoja Mhabeshi na Mfilipino mmoja. Tutakula wote."

"Mkahawa uko ndani?"

"Ndani kabisa. Unapita mashine, unakata kushoto."

Niliirudisha ratiba mfukoni. Alidhani nimekubali.

Bonde la mawe mekundu, Jumapili. Nilikwenda na basi la watalii. Mawe yale yamesimama kama moto uliokatazwa kusogea, na kimya chake kinasikika. Kila nilipoona jambo la ajabu niligeuka kumwonyesha mtu. Familia moja iliniomba niwapige picha, wakajitolea kunipiga na mimi. Picha hiyo ninayo. Nimesimama upande mmoja wa jiwe, nimeacha nafasi ya mtu wa pili.

Jumatatu, saa moja na nusu jioni. Nilifika nje ya mahali alipofanya kazi Festo. Jengo halikuwa na madirisha. Milango ya kioo ilifunguka yenyewe kila mtu alipokaribia, na ilipofunguka zilitoka kelele za kengele na ubaridi wenye harufu ya sigara. Nilisimama hatua kumi kutoka hapo. Nilijiuliza nitasimamaje tena mbele ya umoja wetu nikisema nisiyoyashika. Hatua kumi, halafu mashine, halafu kushoto. Nilisimama nusu saa nzima ya mapumziko yake. Kisha nikaondoka kwa miguu, nikijiona nimeshinda.

Jumanne, saa nane mchana. Festo aliamka, akaweka mezani sahani iliyofunikwa na chupa ndogo.

"Hicho chakula chako. Na hiyo ni tangawizi."

"Ya nini?"

"Walisubiri. Nikawaambia unaumwa tumbo. Yule mama Mhabeshi ametuma dawa, anasema unywe yote."

Nilikuwa nimekuja kuokoa uadilifu wake, na jambo la kwanza nililomfanyia ni kumtia katika uongo ili anisitiri. Nikainywa tangawizi mbele yake, dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao, mpaka tone la mwisho. Hotuba yangu ilikuwa bado tayari. Sikuitoa.

Jumatano, kurudi. Aliamka mapema kuliko desturi yake ili anisindikize. Tulisimama penye foleni.

"Ulisema unakuja kuona ninavyoishi," aliniambia kwa upole. "Umeona ninavyolala."

Foleni ikasogea, watu wa nyuma wakanisukuma kwa mizigo yao, na nilipogeuka alikuwa ameshashika njia.

Oakdale, Jumamosi iliyofuata. Mama Wanjiru alitaka habari. Nilianza na mawe mekundu. Alinisikiliza kidogo, akanikata.

"Mawe nimesikia. Huyo kijana je, ako na watu? Akishikwa na homa, nani anajua? Kazini wanampenda?"

"Sijui, Mama."

"Siku nne."

"Siku nne."

Hakunitania. Alichukua shuka upande wake, mimi upande wangu, tukakunja.

Nilimwandikia Festo barua ya kuomba radhi, kurasa sita. Baada ya wiki nyingi ilikuja kadi ya posta iliyosema amehamia mji mwingine wa jimbo lile, kaskazini, na kwamba hajambo. Hakuweka anwani. Simu yake ya zamani sasa inajibiwa na sauti ya kampuni, inayosema namba haitumiki.

Bado naamini kamari ni mbaya, na ningeisoma mada ile tena leo bila kubadili sentensi. Lakini nilisafiri hadi mlangoni pa mtu aliyekuwa amenitangaza kuwa ndugu yake, nikaogopa kuonekana nikiingia, na chakula kikapoa ndani.

Nawe msomaji, ukipanga likizo, na huko uendako kuna mtu wako, nakuomba jambo moja. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa ratiba, mpate mwenyewe kwenye simu, umuulize anaamka saa ngapi.