Mshenga Katikati ya Daraja

Jamani, mimi wa Bagamoyo, na kwenye maneno nimejaliwa. Ndiyo maana mpwa wangu alipotaka kuoa, mshenga nikawa mimi. Kwao binti ni milimani, mbele ya Chalinze, ng'ambo ya daraja la kamba za chuma ambalo wageni huenda kupigia picha.

Nilipofika katikati, daraja likayumba. Nikachungulia chini, mashamba ya tangawizi yako mbali huko! Miguu ikagoma, nikaanza kutoa shahada kwa sauti. Mama mmoja mwenye kikapu kichwani akanikuta. "Fumba macho, baba. Shika kanga yangu, unifuate."

Nikaishika kwa mikono miwili, nikavushwa huku nalia. Nilipofumbua macho, yule mama keshatangulia.

Barazani kwa baba wa binti nikajifuta jasho, nikaanza kazi iliyonileta.

"Daraja lenu zuri," nikasema. "Nimesimama pale katikati, nikabembea kidogo. Ukoo wetu hauna woga, na kijana wetu ni mimi mtupu."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nikanogewa, nikazidi kutia chumvi, mpaka mama wa binti alipotoka ndani na sinia la kahawa. Kanga ilikuwa ileile, ncha yake bado imekunjamana.

Akanimiminia kahawa taratibu, kisha akamgeukia mumewe.

"Kama kijana ni yeye mtupu, posa ipokee. Wanaume wa kwao wakiambiwa wafumbe macho wamfuate mwanamke, wanafuata."