Pengo la Kiko

Bibi yangu Rahabu alinioa nikiwa na siku tatu. Wenzangu huitwa wajukuu. Mimi naitwa "mume wangu", na kwa cheo hicho nimetumwa dukani, nimefukuzana na kuku, nimebeba magunia ya alizeti, na mwaka ule wa tangi nikampakia kwenye pikipiki kwenda kutazama mifupa ya mama mkwe wangu.

Ni mwanamke mfupi wa Misigiri, miaka sabini na sita, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Huuza kuku kwa wasafiri pale njia panda. Mteja akisema huyu kuku amekonda, humjibu, "Basi ngoja nimpigie simu anenepe." Na wananunua.

Kijiji kilikuwa kinajenga tangi la maji juu ya kilima, na kilimani ndipo yalipokuwa makaburi ya zamani ya kanisa. Wazee walikubaliana hivi: marehemu anayejulikana atazikwa upya karibu na ndugu zake. Wale ambao misalaba yao ya mti ililiwa na mchwa watazikwa wote pamoja katika kaburi moja. Baba yake bibi, mwinjilisti Ezekieli, alikuwa na kaburi la saruji lenye jina. Mama yake, Eunike, aliyefariki bibi akiwa na miaka kumi, alikuwa miongoni mwa tisa wasiojulikana.

"Mama yangu hatarundikwa kama kuni," bibi alisema. "Atalala na mume wake." Hiyo ilikuwa Jumatano, na mazishi yalipangwa Jumamosi.

Wakati huo mifupa ilikuwa mikononi mwa Daktari Theodora wa chuo kikuu, ambaye wazee walikuwa wamempa wiki mbili aichunguze. Si daktari wa kutibu watu. Anasoma habari za tumbaku: watu wa zamani waliitumiaje, na iliwafanya nini mwilini. Alikuwa ametandika mabaki hayo juu ya meza katika ghala la alizeti, kila mmoja na namba yake, amefunikwa shuka jeupe. Tulimkuta na kaka yake bibi, Mzee Zefania, mzee wa kanisa mwenye miaka themanini. Huyu babu kila sikukuu ya mavuno huilaani tumbaku kana kwamba ilimla mbuzi.

"Shikamoo bibi," daktari alisema.

"Marahaba. Mama yangu ni yupi?"

Daktari alifungua daftari lake kwa upole. Wanawake walikuwa wawili tu, wote wazee sana. Waliobaki ni wanaume. Bibi akatikisa kichwa. Mama yake alikufa akiwa na kama miaka thelathini na tano.

"Mwenye umri huo ni mmoja, namba sita," daktari alisema. "Lakini ni mwanaume, na alikuwa mvuta kiko hasa. Meno ya juu na ya chini yamelika, yakikutana yanaacha tundu la mviringo. Hapo ndipo kiko cha udongo kilipokaa miaka mingi. Mbavu zake kwa ndani zina vinundu, kwa hiyo kifua kilimsumbua muda mrefu."

"Umejuaje ni mwanaume?"

"Kusema kweli, mifupa haikuniambia. Nyonga zimepasuliwa na mizizi. Niliwauliza wazee."

"Alikuja kwangu," alisema Mzee Zefania, macho yake yakiwa sakafuni. "Nikamwambia, mvuta kiko kwenye makaburi ya kanisa ni mwanaume aliyerudi nyuma kiimani. Nani mwingine?"

Bibi aliisogelea namba sita, akaweka kiganja juu ya shuka. Sauti yake, ambayo hata usingizini hugombana na mtu, ilishuka. Nikaogopa.

"Daktari, usifunue kwanza," alisema. "Hilo tundu liko kushoto?"

"Kushoto."

"Na kulia, chini, jino la nyuma halipo. Liling'olewa, pakapona."

Daktari alipekua ukurasa, akainua macho. "Bibi, umejuaje?"

Bibi akamgeukia kaka yake. "Kaka, niliapa, na leo navunja kiapo. Ukinisamehe sawa, usiponisamehe sawa, ila Jumamosi simwachi mama." Ndipo akaeleza. Baba alipokwenda kuhubiri vijiji vya mbali, mama yao alikuwa akikaa nyuma ya ghala la mtama na kiko chake, na Rahabu ndiye aliyempelekea kaa la moto juu ya kigae. Upande wa kulia jino lilikuwa limeng'olewa, ndiyo maana kiko kilikaa kushoto. Mama alimwapisha kwa Biblia ya baba. "Miaka sitini na sita. Hata marehemu mume wangu hakujua."

"Na huyu wa sasa pia hukumwambia," nilisema.

"Wewe nyamaza."

Nilingoja Mzee Zefania alipuke. Badala yake aliketi juu ya gunia la alizeti, akavua kofia, na machozi yakamtoka. "Kaa la moto lilikuwa lako," alisema. "Tumbaku ilikuwa yangu. Nilikuwa naifuata kwa mjomba, naificha ndani ya kaptula. Na mimi aliniapisha, Biblia ileile. Daktari aliponiambia habari za namba sita, nilijua palepale. Sijalala tangu Jumatatu. Ningemtupa mama yangu ili nitunze siri yake!"

Walitazamana, wazee wawili, kila mmoja na nusu yake ya dhambi. Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na kaka yake akacheka huku akilia, na mimi nikawakumbatia wote wawili kwa furaha. Hata daktari alifuta miwani.

Kisha bibi akaacha kucheka. "Daktari, ni sisi tuliomuua?"

"Hapana, bibi. Tumbaku ilimdhuru, sitakudanganya. Moshi wa jikoni nao ulikuwepo, na maradhi ya kifua ya siku zile hayakuwa na dawa. Ninyi mlikuwa watoto, mlitumwa mkaenda."

Bibi alifunua shuka mwenyewe. Aliusalimia uso ule kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu aliyerudi kutoka shule.

Jumamosi mchungaji aliuliza nani atasoma historia ya marehemu Eunike. Mzee Zefania alisimama, suti imenyooshwa, akakohoa. "Mama yetu alimpenda Mungu. Alimpenda mumewe. Na alivuta kiko." Kisha ajuza mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na mama yangu pia!" Mwingine akadakia, "Na wangu!" Kicheko kikaenea makaburini, nacho kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote tulioimba siku ile.

Bibi alipofikiwa na zamu ya kutupa udongo, aliinama katikati ya yale makaburi mawili, la mama na la baba, yaliyokaribiana kiasi cha kushikana mikono.

"Mama," alisema, "sisi tumeshasema kila kitu. Sasa uko naye hapo ubavuni. Mmalizane wenyewe."