Koo Langu na Kodiani ya Mwalimu Masudi

Siku yangu ya kwanza katika chama chetu cha taarab pale Msambweni sikuimba hata ubeti mmoja. Niliimba sauti moja tu, "aaa", tangu watu walipotoka kuswali adhuhuri mpaka muadhini alipoadhini alasiri, kichwa kikawa kinanizunguka. Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na miwili, nimeshaachika, na shangazi yangu ndiye aliyenipeleka chamani, amechoka kuniona nimejikunyata jikoni kwake. Nilidhani ninakwenda kuwa mwimbaji, kumbe nilitakiwa niwe kipimo.

Mbele yangu alikaa Mwalimu Masudi, mpiga kodiani wa chama, amekifungua chombo chake na kukitandaza matumbo yote mkekani. Mkononi alikuwa na tupa ndogo kama ya fundi wa saa. Nikiimba, anasugua kidogo. Anapuliza kwa mdomo, anasikiliza, anatikisa kichwa, anasugua tena.

"Mwalimu, nimechoka," nikamwambia.

"Pole, mwanangu. Vumilia. Sasa hivi uko pale pale ninapopataka."

Niwaeleze ninyi mliozaliwa na vinanda vya umeme. Ndani ya kodiani mna vibati vyembamba vya chuma, tunaviita ndimi. Upepo wa mvukuto ukipita, ulimi unatetemeka, na huo ndio mlio mnaousikia. Kodiani zilikuja kutoka Ulaya na sauti za Ulaya: kibao cheupe, kibao cheusi, basi. Lakini nyimbo zetu zina sauti inayokaa katikati ya vibao viwili, na koo la mwanadamu linaifikia bila taabu. Mwalimu alisugua ndimi za kibao kimoja mpaka zikashuka zikakutana na koo langu. Hakuandika popote, wala hakuwa na chombo cha kupimia. Alinitumia mimi.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye pumu. Akipiga, alikuwa akipumua pamoja na mvukuto wake, na watu walisema kodiani ndiyo inayomvutia pumzi. Ukikosea hakukugombeza. Aliacha kupiga, akakutazama kwa huruma, na wallahi ningependa anipige kofi kuliko ile huruma. Jirani akifiwa, Mwalimu alifika kabla ya sanda. Mtu akitaka kujifunza kodiani, hata awe na vidole kama mihogo, hakufukuzwa. Ndiyo maana alipokuwa mtu mzima sana alikuwa na wanafunzi saba, wengine Gazi, wengine Shimoni, mmoja alivuka kutoka Funzi kila wiki.

Kazi haikuwa raha. Jua la pwani linayeyusha nta inayoshikilia ndimi, na chumvi ya bahari inazitia kutu. Tulikuwa tukiiweka kodiani ndani ya kanga mbili pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ili unywe unyevu. Nilimwambia Mwalimu kwamba chombo chake kinakula vizuri kuliko mimi.

Mwenyekiti wetu alikuwa karani katika ofisi za serikali Kwale, na kwa sababu yake tuliitwa huko mlimani kila sikukuu ya taifa. Tulipiga juani mbele ya wakubwa, jasho linatutiririka, na Mwenyekiti anatunong'oneza, "Changamsheni, jamani! Serikali ni yetu sasa!" Baadaye hoteli zilipoanza kujengwa Diani, tukapata kazi huko Jumamosi. Meneja alikuwa mtu wa bara, mwungwana, lakini saa ilikuwa imemkaa rohoni.

"Mzee, wageni wanakula. Pigeni nyimbo fupi fupi."

"Bwana Meneja," Mwalimu akamjibu, "katika wimbo huu kuna bibi harusi anapelekwa kwa mumewe. Nikiukata, nitamwacha njiani."

Meneja alicheka, akatuacha tumfikishe bibi harusi.

Mwalimu alifariki wakati wa masika, pumu ilimbana siku tatu. Nililia mpaka shangazi yangu akaniambia ninamkufuru Mungu. Nililia mazikoni, nililia kwenye hitima, nililia nikichota maji. Nilimpenda mzee yule kuliko baba yangu, sioni haya kuyasema.

Matanga hayajapoa, wanafunzi wake wakaanza. Wa Gazi alisema kodiani ya Mwalimu ni haki yake kwa kuwa alianza kwanza. Wa Shimoni akasema yeye ndiye anayepiga kama Mwalimu. Wawili wakaacha kuja. Mwenyekiti akaniita.

"Mwanakombo, kila mpigaji hapa anajiona ndiye Mwalimu. Wewe hupigi, hakuna wa kukuonea wivu. Shika wewe uongozi wa muziki."

"Mimi nitawaongoza na nini, Mwenyekiti?"

"Wanachokubaliana wote ni ule mlio wake. Ukiwa nao, watakuja. Mlio huo ukipotea, hapana chama."

Nikashika. Na jambo la kwanza nililofanya kama kiongozi ndilo lililoharibu kila kitu. Niliona aibu kodiani ya Mwalimu ilivyochakaa. Mvukuto ulikuwa unavuja, mikanda imekatika. Kwa mapenzi yangu nikaipeleka Mombasa kwa fundi wa vinanda. Alikaa nayo wiki mbili, akanirudishia inang'aa.

"Mama, mvukuto ni mpya," akasema kwa furaha. "Halafu kulikuwa na kibao kimoja, sauti zake zilikuwa zimepotoka. Nimezinyoosha zote."

Nikamshukuru. Naapa nilimshukuru, nikamwombea dua. Sikumwambia kitu kabla, na fundi hana kosa. Nani angejua kwamba kupotoka kule ndiko tulikokuwa tukikutafuta?

Kosa langu nililijua Ukunda, katika shughuli ya wanawake ya alasiri. Rashidi, mwanafunzi mkimya kuliko wote, fundi wa baiskeli, ndiye aliyepiga. Nikafungua mdomo. Tulipofika kwenye ile sauti ya katikati, koo langu likaenda kwake na kodiani ikaenda kwake, kama watu waliogombana njiani. Wanawake wakatazamana. Nikamaliza kwa kuikimbiza sauti ya kodiani, nikatoka uani nikakaa juu ya kinu. Rashidi akanifuata.

"Dada, imekuwaje?"

"Nimemuua Mwalimu mara ya pili."

Kesho yake tuliifungua kodiani sebuleni kwangu. Rashidi alizitazama ndimi zile na uso ukambadilika. Zilikuwa zimesuguliwa na Mwalimu, zikasuguliwa tena na fundi, zimebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Alisema zitastahimili mara moja tu, zikizidi zitakatika. Nikaanza kuimba "aaa", naye akasugua.

Lakini koo lilikuwa limekwaruzwa na kilio cha wiki nyingi. Niliitafuta ile sauti niliyoiimba kila siku kwa miaka, nikawa siioni. Nikipanda, inakwaruza. Nikishuka, naona nimepita. Rashidi alikuwa akingojea, tupa mkononi. Nilichoka, jamani. Mahali fulani nikasema, "Hapo," na nilipokuwa nikisema nilijua kwamba si hapo. Palikuwa chini kidogo, unyoya tu.

Tuliwaita wale sita wengine waisikilize. Wa Gazi alikuwa wa kwanza kulia. "Ni yeye! Wallahi ni yeye mwenyewe!" Wakakumbatiana, wakaombana msamaha, na kodiani zao, ambazo Mwalimu hakuwahi kuzitia tupa, wakazilinganisha zote na ile. Ningesema nini? Nikaenda kuwapikia chai.

Nikaongoza tangu hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Wanafunzi wakapata wanafunzi, wanawake wakaingia kupiga, chama kikawa na kodiani kumi na moja. Kila mgeni aliambiwa, "Hii ndiyo sauti ya Mwalimu Masudi," na kila mara nilihisi kitu kinanichoma. Kazi yenyewe haikunichosha kama uongo ule ulivyonichosha.

Mwaka jana nilistaafu. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa chama nimkabidhi Rashidi uongozi. Yeye naye ameshakuwa babu. Hotuba niliyoandikiwa niliikunja. Nikawaambia wote: mnachopiga si sauti ya Mwalimu. Yake ilikuwa juu kidogo. Niliipoteza mimi, na nimewadanganya miaka yote hii.

Nikamgeukia Rashidi nimwombe radhi. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilijua, Dada," akasema. "Tupa nilishika mimi."

"Ulijua?"

"Uliposema 'hapo', nilisikia umeshuka. Nilitaka kukwambia uendelee kutafuta. Nikakutazama, nikaona huwezi tena. Na mwimbaji wa chama ulikuwa wewe. Nikaona bora kodiani ishuke ikukute ulipo."

Nilimgombeza mbele ya watu wote, siwafichi. Miaka yote ile ninahangaika peke yangu, na yeye ameketi hatua mbili kutoka kwangu, anajua, ananinyamazia! Aliniacha nimalize. Sikuwa na nguvu ya kugombeza kwa muda mrefu.

Binti mmoja wa Funzi, mwanafunzi wa mwanafunzi, aliinuka kwa adabu, kodiani kifuani.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Sasa tufanyeje? Ile ya Mwalimu hatuwezi kuipata?"

"Marahaba, mwanangu. Hatuwezi. Aliyekuwa nayo ni mimi, na mimi sinayo."

Alibaki amesimama, ananingojea. Wote walikuwa wananingojea. Nikavuta kiti, nikakaa, maana magoti yalikuwa yananiuma.

"Piga hiyo hiyo," nikamwambia.