Mlango wa Nyuma wa Basi

"Mama Honi, hivi kwa nini kila Ijumaa watoto unawashushia nyuma? Huo mlango wa mbele umekukosea nini?" jirani yake alimuuliza siku moja, ufagio mkononi.

Mama Honi, dereva wa basi la shule, alicheka. "Ulinikosea zamani, shoga yangu."

Zamani hiyo, waya uliungua chini ya usukani, moshi ukajaa ndani, na mlango wa mbele ukagoma kufunguka. Akakimbilia mlango wa dharura kule nyuma. Nao ulikuwa umeshikwa na kutu, kwa sababu tangu basi linunuliwe hakuna aliyewahi kuufungua. Aliupiga mateke huku akimwomba Mungu, mpaka ukaachia, na watoto wote wakashuka salama. Tangu hapo huzipaka bawaba zake grisi, na kila Ijumaa huupa mlango ule kazi, usije ukajisahau. Watoto huugombania kama peremende.

Wiki hii fundi alikuja na kiti kirefu cha kuongeza, mwalimu mkuu akiwa naye, akakipima pale pale mlangoni. "Wanafunzi wameongezeka, mama, na huu mlango hautumiki," alisema.

"Hautumiki? Njoo Ijumaa uone foleni."

Fundi akakuna kichwa, akamtazama mwalimu mkuu. Mama Honi naye akamgeukia mwalimu, akasema kwa upole, "Mwalimu, watakaokosa nafasi nitarudi kuwachukua safari ya pili. Naomba mlango wa nyuma msiuzibe."